Mwana, Ndugu na Bwana: Jinsia katika Maneno ya Sala za Kiswahili

Kwa zaidi ya miaka 40 sasa makanisa mengi ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini yamekuwa yakibishana juu ya maneno ya sala, na ubishi huo unahusu kile kinachoitwa lugha jumuishi, yaani namna ya kusema ambayo mwanamke na mwanamume, wakisali kwa sauti moja, kila mmoja hujikuta ametajwa na hakuna anayelazimika kujipenyeza ndani ya neno lililoundwa kwa ajili ya mwenzake. Ubishi huo una pande mbili ambazo ni vyema zisichanganywe tangu mwanzo: upande mmoja ni maneno yanayowataja wanaosali, na upande wa pili ni maneno yanayomtaja Mungu mwenyewe. Dar es Salaam habari hizi hufika vipandevipande, kupitia redio na simu za mkononi, na mara nyingi hufika zikiwa zimeshageuka hofu kwamba huko Uingereza Baba Yetu imefutwa. Haijafutwa. Kilichotokea ni kwamba mwezi Februari 2023 Kanisa la Uingereza lilieleza kuwa litaichunguza lugha ya jinsia inayotumika kumtaja Mungu katika ibada, na mwezi Julai mwaka huo huo Askofu Mkuu wa York, Stephen Cottrell, akiwahutubia wajumbe wa sinodi, yaani baraza kuu la kanisa hilo, alikiri kwamba neno Baba lina ugumu kwa wale ambao baba zao waliwatendea ukatili.

Msikilizaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza kama ubishi huo unamhusu, na mahali pazuri pa kuanzia jibu ni Mchafukoge, kata iliyobanana kati ya Kisutu na Kariakoo, kwa sababu jina lake peke yake ni somo fupi la sarufi. Likitenganishwa, linasomeka kuwa ni agizo: mchafu akoge, ambapo koga ni kitenzi kile kile ambacho wengine hutamka oga. Huyo mchafu ni nani? Jina halisemi. Anaweza kuwa mchukuzi aliyeshusha magunia tangu alfajiri, na anaweza kuwa mama lishe aliyeshinda mbele ya moshi wa mkaa. Kiambishi m- kinatosha kueleza kwamba anayesemwa ni mtu, na sarufi ya Kiswahili haitaki kujua zaidi ya hapo.

Hiyo ndiyo tabia ya ngeli, yaani utaratibu wa lugha za Kibantu wa kuyapanga majina katika makundi na kuyapatanisha na maneno mengine ya sentensi. Kigezo cha ngeli ya watu ni uhai na utu, na jinsia ya kiume au ya kike haimo katika hesabu yake. Yeye ni yeye, awe nani. Ile a- ya anasali humbeba baba na mama bila kuuliza. Na Mswahili anapoomba jina la Mungu litukuzwe, ufalme wake ufike, mapenzi yake yatimizwe, hana namna yoyote, hata angetaka, ya kumfanya Mungu huyo mwanamume kwa njia ya kiwakilishi. Kiingereza kimelipa gharama kubwa kwa kukosa jambo hili. Zaburi ya kwanza, inayomsifu mtu asiyefuata shauri la waovu, katika tafsiri za zamani za Kiingereza ilimtaja mwanamume, na wafasiri wa Biblia iliyotolewa 1989 kwa jina la New Revised Standard Version, wakitaka wanawake nao waingie, waligeuza umoja kuwa wingi. Wanawake wakaingia, lakini yule mtu mmoja, aliyesimama peke yake kama mti kando ya maji, akapotea ndani ya kundi. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka 1952, ilishasema mtu, na neno hilo linawatosha wote huku likibaki kuwa la mmoja. Vivyo hivyo katika Kanuni ya Imani ya Nikea, ungamo lililotokana na mitaguso ya miaka 325 na 381, pale ambapo Waingereza hubishana juu ya neno ambalo siku hizi masikioni mwao husikika kama wanaume, Kigiriki cha asili kilisema watu, na Kiswahili husema wanadamu bila jasho.

Neno ndugu nalo lina historia yake katika mitaa hii. Paulo, akiziandikia jumuiya zake kwa Kigiriki, alitumia neno ambalo kwa umbo ni la kaka ingawa kwa maana liliwabeba na dada, na wafasiri wa Kiswahili walipolikuta hawakuwa na haja ya kuhangaika, kwa kuwa ndugu ni yeyote aliyezaliwa tumbo moja na mtu, au ukoo mmoja naye. Mtaa wa Lumumba, unaopita kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja, ndipo chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, na chama hicho, pamoja na CCM iliyokirithi, kililifanya neno ndugu kuwa tangulizi la heshima kwa mwanachama yeyote, mwanamume au mwanamke, bila kubadilisha hata herufi moja. Kwa hiyo inasikitisha kuwasikia baadhi ya wahubiri, pengine kwa kuiga mahubiri ya Kiingereza, wakiliacha neno hilo na kuhesabu makaka kwanza na madada baadaye, kana kwamba Kiswahili kilikuwa na upungufu uliohitaji kuzibwa, ilhali wanavunja neno zima ili wapate vipande viwili.

Lakini utajiri mkubwa zaidi umo katika neno mwana. Mwana ni mtoto wa mtu, na anayetaka kueleza jinsia yake hulazimika kuongeza maneno, akasema mwana wa kiume au mwana wa kike. Wana wa Israeli ni pamoja na binti zao. Na katika Kiswahili cha Lamu, Pate na Mombasa, Mwana ni heshima atanguliziwayo mwanamke mwungwana, kama alivyotanguliziwa Mwana Kupona binti Mshamu, mshairi aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858. Hata binadamu, neno lililotoka Kiarabu, na mwenzake mwanadamu, yote mawili yanamtaja mtu kuwa ni mwana wa Adamu pasipo kusema ni mwana yupi. Ndiyo kusema kwamba Mkristo wa Kariakoo anayefanya ishara ya msalaba kabla ya kufungua duka, akitaja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, tayari anatamka kwa nafsi ya pili ya Utatu neno ambalo mwenzake wa London angelazimika kupigania katika kamati. Yesu wa Nazareti alikuwa mwanamume, na hakuna anayelikana hilo, ila maneno ya sala hiyo hayakuiweka jinsia yake kuwa nguzo. Kilichosemwa ni uhusiano: huyu ametoka kwa yule.

Roho Mtakatifu anaonyesha jambo lingine tena. Jerome, mfasiri wa Biblia kwa Kilatini aliyeishi kati ya karne ya 4 na ya 5, aliona kwamba neno la roho ni la kike kwa Kiebrania, la kiume kwa Kilatini, na halina upande kwa Kigiriki, akahitimisha kwamba katika Mungu hakuna jinsia. Kiswahili kingemwongezea Jerome ushahidi wa nne. Roho ya mtu huumwa, hutulia, husafika. Ina ngeli yake, ambayo haiko katika ngeli ya watu, na kwa kanuni ya kawaida ingepaswa kuwa roho takatifu. Makanisa mengi husema Roho Mtakatifu, kwa upatanisho wa watu, kwa sababu yanakiri kwamba Roho ni nafsi. Mashahidi wa Yehova, wasiokiri hivyo, huandika roho takatifu katika Biblia yao ya Kiswahili. Silabi moja, m-, imebeba hapo fundisho zima la Utatu, na mtu anayetaka kujua mapambano ya kweli ya kisarufi katika sala za Kiswahili yako wapi, aitazame silabi hiyo kabla hajaazima ugomvi wa Kiingereza.

Tarehe 28 Machi 2001 Roma ilitoa mwongozo wa tafsiri za liturujia, yaani ibada rasmi ya kanisa, uitwao Liturgiam authenticam, ambao pamoja na mengine uliwataka wafasiri wadumishe desturi ya jinsia ya kila lugha wanapomtaja Mungu na nafsi za Utatu. Agizo hilo, lililozua manung'uniko makubwa katika nchi za Kiingereza, lilipofika kwenye viwakilishi vya Kiswahili halikupata pa kushika, maana desturi ya Kiswahili katika jambo hilo ni kutokuwa na jinsia, na kuidumisha ni kuendelea kusema yeye.

Ingekuwa vyema kama hadithi ingeishia hapo, lakini kulisifia jengo kwa msingi wake na kunyamazia chumba chenye ufa si haki kwa wanaolala ndani ya chumba hicho. Sarufi haibagui, msamiati, mahali fulani fulani, unabagua, na mahali penyewe hapafanani na pale Waingereza wanapopalalamikia.

Neno la kwanza ni Bwana. Wafasiri walilichukua kwa ajili ya jina takatifu la Kiebrania na kwa ajili ya cheo ambacho Wakristo wa kwanza walimpa Kristo, na katika Union Version limetapakaa kurasa zote. Kulielewa vizuri kunahitaji kurudi Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa 1873 na wamisionari wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa kuu juu ya uwanja wake, chini ya Askofu Edward Steere, mtaalamu wa Kiswahili aliyefariki 1882 na ambaye kazi yake ya tafsiri ndiyo iliyozaa Biblia ya Kiswahili iliyokamilika 1891. Wengi wa Wakristo wa kwanza waliosali kwa Kiswahili, kule Mbweni Unguja na vilevile Bagamoyo, walikokaa mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu tangu 1868, walikuwa watu waliotolewa utumwani, na katika vinywa vyao bwana halikuwa neno la ibada kwanza. Lilikuwa jina la mwenye mtumwa, kama bibi lilivyokuwa jina la mke wake. Mwanamke aliyewahi kuitikia bwana huku ameinamisha kichwa alifundishwa kulitamka neno lile lile kwa mtu aliyesulubiwa, aliyekufa kifo cha watumwa, na inawezekana kabisa kwamba alisikia ndani yake kile alichosikia mtumwa wa Korintho karne ya kwanza: kama huyu ndiye Bwana, basi yule mwingine siye. Neno lenye historia ya namna hiyo halifutwi kwa kura ya kamati.

Hata hivyo bwana lina maana ya tatu, nayo haijafa. Bwana ni mume. Mwanamke wa kata ya Gerezani husema bwana wangu amesafiri, na Jumapili husema Bwana wangu na Mungu wangu, na kinachotenganisha maneno hayo mawili ni herufi kubwa ambayo sikio halioni. Waraka wa kwanza wa Petro unamkumbuka Sara kuwa alimwita Abrahamu kwa neno hilo, na mhubiri asiye mwangalifu hupita hapo kwa urahisi kutoka kumtii Bwana hadi kumtii bwana, akamwacha msikilizaji mwenye michubuko mwilini akidhani kwamba kuvumilia kipigo ni sehemu ya ibada. Hilo si jambo la kufikirika tu: utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wameshatendewa ukatili wa kimwili tangu walipofika miaka 15. Anayeongoza sala mbele ya wanawake, iwe katika jumuiya ndogondogo au katika ibada kuu, anasema na wanawake hao.

Dawa yake imekwisha kuwapo, na ajabu ni kwamba iliandaliwa kwa sababu nyingine kabisa. Biblia ya Habari Njema, iliyotafsiriwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja na kukamilika katikati ya miaka ya 1990, pale ambapo Union Version iliandika Bwana kwa herufi kubwa tupu imeandika Mwenyezi-Mungu, kwa nia ya kulifanya Agano la Kale lisomeke vizuri zaidi. Kwa mageuzi hayo, Zaburi ya 23 inaanza kwa jina lisilofanana na la mume yeyote. Ni kweli kwamba msibani, jeneza likiwa mbele, watu hurudia maneno ya zamani kwa sababu ndiyo yaliyo moyoni, na hakuna busara katika kumsahihisha mfiwa. Lakini katika maombi yasiyo na maandishi, yale ambayo mama mwenye zamu katika jumuiya yake huyatunga papo hapo sebuleni kwake Jumamosi asubuhi, hakuna kinachozuia Mwenyezi, Mwokozi, Mchungaji na Mola kuchukua zamu na Bwana. Mola na Mwenyezi ni maneno ambayo jirani Mwislamu wa ghorofa ile ile huyatumia pia, na Kiswahili cha sala, kuanzia sala yenyewe hadi imani, toba, dhambi na rehema, kilikuwa lugha ya nyumba za Waislamu kabla Wakristo hawajakaribishwa ndani yake.

Je, na Baba aondoke? Hapana, na sababu haimo katika ukongwe wa neno tu. Baadhi ya makanisa ya nje yalijaribu kubatiza kwa jina la Muumba, Mkombozi na Mtakasaji, na mwaka 2008 Roma ikatamka kwamba ubatizo wa namna hiyo si halali. Maneno hayo kwa Kiswahili ni mazuri na hayana jinsia, lakini yanaeleza kazi, na Baba na Mwana huelezana wao kwa wao. Fundi aliyeumba chungu hana mtoto ndani ya chungu. Zaidi ya hayo, Baba katika Kiswahili cha Pwani ni neno pana kuliko mwanamume aliyezaa: mama wa Kariakoo humwita baba mwanawe wa miaka minne, hasa akiwa amepewa jina la babu yake, na katika jamii nyingi za Kibantu shangazi huhesabiwa kuwa baba wa kike, mwenye mamlaka na huruma za upande huo. Wala Maandiko hayakumfungia Mungu ndani ya ubaba: Isaya humlinganisha na mama anayefariji, Luka huweka mwanamke anayefagia nyumba akitafuta shilingi yake kando ya mchungaji anayetafuta kondoo, na Papa Yohane Paulo wa Kwanza, katika upapa wake wa siku 33 mwaka 1978, aliwaambia waumini kwamba Mungu ni baba, na zaidi tena ni mama. Mifano hiyo inaweza kuingizwa katika sala kesho bila ruhusa ya mtu, ikakaa kando ya Baba bila kumsukuma.

Penye kazi ya kweli ni mahali padogo ambapo hapana mwandishi wa habari anayepaangalia. Wanapotajwa waliotangulia, sala nyingi humwita Mungu wa baba zetu au wa babu zetu, wakati Kiswahili kina wazee wetu, neno ambalo Pwani linawataja baba na mama kwa pamoja. Na katika ndoa, tofauti haiko katika nomino wala kiwakilishi. Iko katika kauli ya kitenzi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mmoja ni mtendaji na mwingine ni mtendwa, na tangazo la ndoa linaposomwa kanisani likisema fulani atamwoa fulani, bibi harusi huingia kanisani akiwa shamirisho. Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha 1662 kilimwapisha mke peke yake kutii. Utaratibu wa Kikatoliki humpa kila mmoja ahadi ile ile neno kwa neno. Kiswahili kina kauli ya kutendana, nayo ni kuoana, yenye usawa ndani ya neno moja, na kina kufunga ndoa, jambo linalofanywa na wawili. Ni mabadiliko ya neno moja katika karatasi ya matangazo, na mbele yake hakuna fundisho lolote linalotikisika. Musimbi Kanyoro, mtaalamu wa isimu kutoka Kenya aliyewahi kuwa mshauri wa tafsiri za Biblia, ni miongoni mwa wanawake wa Afrika waliofundisha kwamba tafsiri husomwa ndani ya utamaduni, na kwamba utamaduni huo nao lazima usomwe.

Na wapo, katikati ya mitaa hiyo hiyo, Wakristo ambao jambo hili wameliishi bila kuliita jina. Kimaa, lugha ya Wamaasai, tofauti na Kiswahili, kina jinsia ya kisarufi: ol- hutangulia majina ya kiume na en- ya kike. Jina la Mungu kwa lugha hiyo ni Enkai, ambalo ni mbingu na mvua pia, na kiambishi chake ni cha kike. Ndilo lililoingia katika Biblia ya Kimaa, na ndilo wanaloliita Wamaasai waliobatizwa. Msusi wa Kimaasai aliye Mkristo, anayekunja kigoda chake kando ya njia jioni Kariakoo, humshukuru Enkai kwa riziki ya siku, kiambishi cha kike kikiwa mahali pake, kisha akiingia katika ibada ya Kiswahili husimama na wengine na kuanza: Baba Yetu.